Sanduku la Zana: Spana Haina Jina? Pima Mdomo

Mwezi huu barua zilizozidi ni za watu wenye spana na soketi za zamani zisizo na jina la kiwanda. Nimechagua tano. Kwa msomaji mgeni niseme tu kwamba nilitunza stoo ya zana kwa miaka 26, kwenye karakana moja kando ya Barabara ya Pugu, enzi hizo bado tukiiita Pugu. Kila spana ilichorewa kivuli chake ukutani kwa rangi nyeusi. Fundi akichukua moja, aliacha kibati chenye namba yake kwenye msumari. Jioni nilikuwa nasoma vivuli vilivyobaki wazi, na ndivyo nilivyojua zana kwa umbo lake kabla ya kusoma maandishi.

*

Shikamoo mzee. Babu yangu alikuwa fita wa reli. Amefariki mwaka jana, ametuachia sanduku la bati lenye spana kumi na moja. Mbili tu zina maandishi: moja 3/8 W na 7/16 BS mdomo huohuo mmoja, nyingine 1/4 W. Tisa hazina kitu. Hakuna hata moja inayokaa sawasawa kwenye gari. Ile yenye 3/8 inakataa nati ya milimita 19 na inacheza kwenye 17, na ile ya 1/4 inacheza kidogo kwenye 13. Fundi wa mtaani anasema zimeisha, niziuze kwa kilo. Ni kweli?
– Msomaji, Mbagala Rangi Tatu

Marahaba mjukuu wangu, na poleni sana kwa msiba. Usiuze hata moja. Spana za babu hazijaisha. Zinazungumza kipimo ambacho fundi wako hajawahi kukutana nacho, maana yeye amekulia kwenye Toyota, ambako 10, 12, 14, 17 na 19 zinamaliza karibu kazi yote.

Hiyo W ni Whitworth. Joseph Whitworth alikuwa mhandisi wa Kiingereza aliyependekeza mwaka 1841 kwamba bolti zote zikatwe nyuzi kwa kipimo kimoja, pembe ya uzi ikiwa digrii 55. Kabla ya hapo kila karakana ilikata za kwake, na nati ya huku haikuingia kwenye bolti ya kule. Sasa sikiliza hapa, maana ndipo watu wengi wanapopotea: namba kwenye spana ya Whitworth haitaji upana wa mdomo. Inataja unene wa bolti. Bolti yenye unene wa 3/8 ya inchi, yaani kama milimita 9 na nusu, ina kichwa cha milimita 18.0, basi spana ya kichwa hicho huandikwa 3/8 W. Ndiyo maana inakataa 19 na inacheza kwenye 17.

BS ni BSF, bolti za Kiingereza zenye uzi mwembamba, zilizowekewa kipimo mwaka 1908. Vichwa vyake vilikuwa vidogo kwa hatua moja, kwa hiyo kichwa cha bolti ya 7/16 ya BSF kililingana na cha 3/8 ya Whitworth, na spana moja ikatosha zote mbili. Hilo linakupa umri bila jina la kiwanda: spana yenye W na BS kwa pamoja haiwezi kuwa imetengenezwa kabla ya 1908. Ile yenye 1/4 W peke yake inaweza kuwa ya zamani zaidi, ingawa si lazima.

Tuje kwenye zile tisa bubu. Nunua kalipa ya vernia, kile kifaa cha kupimia upana, hata ya plastiki, Kariakoo zipo tele. Pima kila mdomo mara mbili: kwanza ndani kabisa karibu na shina, kisha kwenye ncha za midomo. Vipimo viwili vikilingana, mdomo ni mzima. Ncha zikiwa zimeachana kuliko ndani, hapo fundi wako ana haki, mdomo umepanuka kwa kulazimishwa. Namwomba kila msomaji afanye hivi kabla ya kukubali neno “imeisha”, maana nimeona spana nzima zikitupwa kwa kutopimwa.

Ukipata 13.3, hiyo ni 1/4 W, ndiyo inayocheza kidogo kwenye 13. Ukipata 15.2 ni 5/16 W, na 18.0 ni 3/8 W. Milimita 20.8 ni 7/16 W, na 23.4 ni nusu inchi ya Whitworth. Ukiacha hiyo 18.0, vipimo hivi haviangukii kwenye milimita kamili wala kwenye visehemu vya inchi vya Kimarekani, ndiyo sababu vinatambulika upesi. Ukikuta 14.3, 15.9, 19.05 au 22.2, hizo ni inchi zinazopima upana wa kichwa chenyewe: 9/16, 5/8, 3/4 na 7/8. Na ukikuta 14, 17, 19, 22 kamili, ni milimita.

Usishangae vikichanganyika katika sanduku moja. Reli ya Kati ilianza kujengwa hapa Dar es Salaam na Wajerumani mwaka 1905, ikafika Kigoma 1914, nao walikuwa watu wa milimita. Baada ya Vita ya Kwanza wakaja Waingereza na inchi zao. Fita aliyefanya kazi kwenye reli ya namna hiyo alihitaji ndugu wa pande zote mbili sandukuni.

Ukimaliza kupima, geuza kila spana uangalie shina kwa makini. Mara nyingi spana tunayoiita bubu ina alama moja ndogo ambayo kutu imeimeza. Tafuta mshale wa mistari mitatu uliokaa kama unyayo wa kuku. Huo ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza, hasa ya jeshi, na mara nyingi mwaka hugongwa karibu yake. Ukiuona, nitumie picha.

Na kazi bado zinayo. Land Rover za mwanzo kabisa, kuanzia 1948, zilifungwa kwa bolti za BSF. Injini za Lister zilizosaga unga vijijini kwetu miaka mingi zina bolti za namna hiyohiyo. Mwenye Lister shambani akisikia una seti ya Whitworth nzima, atakufuata hadi Rangi Tatu. Anayefungua nati hizo kwa spana malaya, ile ya kurekebisha mdomo, ndiye anayezila pembe mpaka zinakuwa duara.

*

Mzee wangu, habari za kazi. Nimenunua Ilala sanduku la chuma lenye racheti moja na soketi kumi na tatu. Muuzaji anasema lilitoka Kongwa, mradi wa karanga wa Waingereza. Hakuna jina popote. Shida: mraba wa racheti hauingii kwenye soketi zangu za nusu inchi, ni mkubwa, na kwenye za 3/4 unapwaya. Soketi tatu humo ndani zinang’aa na hazikubali racheti hiyo. Tena nyingine mbili zina pembe nane ndani. Nimeuziwa mchanganyiko?
– Fundi, Tandika

Salama, fundi. Ndiyo, umeuziwa mchanganyiko, lakini sehemu kubwa ya mchanganyiko huo ni ya thamani. Umesema kwenye picha yako kwamba mraba una milimita 16 kasoro kidogo. Hiyo ni 5/8 ya inchi, milimita 15.9. Leo duka zima lina robo inchi, 3/8, nusu na 3/4, halafu inchi moja kwa malori makubwa. 5/8 imekufa. Wamarekani waliitumia kwenye seti za kazi nzito miaka ya 1920 na 1930, kisha nusu inchi na 3/4 zikaigawana kazi yake. Kwa hiyo mraba huo peke yake, bila jina wala namba, unakudokezea nchi na miaka. Msomaji mwingine akikuta mraba wa milimita 7.1, ni 9/32, nayo ni ya kale. Na vipo vishikio vya zamani ambavyo ncha yake si mraba bali ina pembe sita.

Soketi za kubadilishwa hazikuanza zamani kama spana. Zipo zilizotangulia, lakini aliyeufanya mtindo huu uenee gereji ni Joseph Johnson wa Milwaukee, Marekani. Kampuni yake ya Snap-on ilianza mwaka 1920 ikiuza vishikio vitano na soketi kumi. Mafundi wengi wa kabla ya hapo walikuwa na spana za boksi, kila kipimo na mkono wake, sanduku zito kama jeneza.

Soketi za pembe nane ni za nati za mraba. Matrekta na mashine za shamba za zamani zilijaa nati hizo, na kwa mraba pembe nane inakupa nafasi mara mbili za kushika. Usiziweke kwenye nati ya pembe sita.

Zile tatu zinazong’aa ni wageni. Kroma ilianza kuenea kwenye zana za mkono mwishoni mwa miaka ya 1920. Kabla yake zana za kujivunia zilipakwa nikeli, na nyingine ziliachwa nyeusi. Tofauti utaiona mchana kwenye kivuli: kroma ina ubaridi wa buluu, nikeli ina manjano hafifu kama maziwa yaliyochemshwa. Wakati wa Vita ya Pili kroma iliwekewa mipaka kule Marekani, zana nyingi zikatoka nyeusi au na ngozi ya kadimi, rangi ya kijivu iliyofifia. Ukikuta soketi nzuri isiyo na kroma, usiihukumu haraka kuwa duni. Na ukishuku kadimi, usiipige brashi ya waya wala usiichome moto, vumbi na moshi wake ni sumu.

Sasa hadithi ya Kongwa. Mradi wa karanga ulianza 1947 na ukaachwa 1951, na matrekta yake mengi ya mwanzo yalikuwa ya jeshi la Marekani, yaliyonunuliwa yakiwa yametumika huko Ufilipino na kushushwa bandari yetu hii. Zana za Kimarekani kufika Kongwa si jambo la kushangaza. Lakini karibu kila sanduku la chuma ninaloonyeshwa Ilala na Gerezani “limetoka Kongwa”. Mimi huiacha hadithi ya muuzaji pembeni mpaka chuma chenyewe kiikubali. Kwa mraba wake, racheti yako huenda ni ya kabla ya vita. Ingeweza kusafiri na trekta, ingeweza pia kuja na meli nyingine yoyote. Andika kwenye karatasi kile muuzaji alichokuambia, ukiweke sandukuni, na uandike kuwa ni maneno yake.

Tafadhali usimpelekee mtu wa kukereza apunguze mraba ufike nusu inchi. Nimeletewa racheti iliyofanyiwa hivyo. Ilivunjika ndani ya wiki, na soketi zake zote zikabaki mayatima.

*

Shikamoo baba. Nauza zana za mitumba Tabata. Wateja wanapenda zing’ae, basi kijana wangu huzipitisha grainda yenye brashi ya waya. Juzi mteja mmoja amekasirika, anasema tumefuta alama. Nifanyeje ziwe safi na alama zibaki?
– Mama wa Tabata

Marahaba binti yangu. Mteja wako alikuwa na haki, na mimi namwelewa kwa sababu nilishafanya hilohilo. Mwaka wangu wa pili stoo nilipewa spana nyeusi, nzito, shina lake lina umbo la herufi S. Nilitaka kumfurahisha msimamizi, nikaipiga waya mpaka ikawa kama kijiko. Fita mmoja mzee alipoiona aliniuliza yale maandishi madogo yameenda wapi. Sikuwa nimeyaona. Mpaka leo nikishika spana yenye kutu, mkono unasita.

Anza na mafuta ya taa na mswaki wa zamani, uondoe grisi na udongo. Usiku uiloweke kwenye siki ya kawaida ya jikoni, iliyofunika chuma chote, kwa sababu mahali panapobaki nje ya siki pataacha mstari. Asubuhi itazame. Kutu ikitoka kwa kitambaa, basi. Isipotoka, irudishe kwa saa chache, usiiache siku tatu ukaisahau. Kisha iosheni kwa maji yenye magadi, yaleyale ya kuivishia maharage, ili yaue ukali wa siki. Ukiruka hatua hiyo, kwa hewa yetu ya chumvi, kutu itarudi kabla ya Ijumaa. Anika juani ikauke kabisa, paka mafuta ya mashine. Zenye kroma au nikeli inayobanduka usiziloweke, tumia mafuta ya taa tu na uvumilivu.

Sasa kusoma alama. Zima taa ya chumba, shika tochi ya simu ikilala ubavuni mwa chuma, karibu sawa na uso wake, na uzungushe polepole. Herufi zilizolika hutupa kivuli. Ukiona dalili, paka chaki nyeupe halafu futa juujuu kwa kidole. Chaki itabaki kwenye mashimo. Au weka karatasi nyembamba juu na usugue kwa penseli, kama tulivyofanya na sarafu shuleni. Njia hizi tatu zimenifungulia maandishi mengi kuliko kemikali yoyote.

Na usitafute jina pekee. Herufi moja kwenye duara, pembetatu au almasi huwa ni alama ya kiwanda. Gedore ni Gebrüder Dowidat Remscheid, herufi za mwanzo za ndugu wa familia ya Dowidat na mji wao wa Ujerumani, kwa hiyo Dowidat na Gedore ni ukoo mmoja. Namba ndefu yenye neno PAT mbele yake ni ya hataza, yaani haki ya mvumbuzi iliyosajiliwa, na hataza ina tarehe. DIN 895 ni jina la kipimo cha Kijerumani cha spana za midomo, usimwambie mteja ni kampuni.

Tazama pia ubavu wa shina. Spana iliyofuliwa kwa nyundo ya mashine ina mstari mpana kidogo uliosagwa pande zote, mahali ambapo chuma kilichozidi kilikatwa. Iliyomiminwa kwenye kalibu ina mshono mwembamba na ngozi yenye chembechembe kama ya chungwa. Ya kumiminwa usiiuze kwa kazi nzito hata ingekuwa ya karne iliyopita. Hukatika ghafla, na mkono wa fundi ndio unaopiga chuma.

Bei? Ile uliyoiacha na ngozi yake nyeusi na alama zinazosomeka, iweke kando na zilizong’arishwa, uione inavyoulizwa na watu wa aina nyingine.

*

Mzee, mimi ni mwanafunzi wa ufundi magari, Chang’ombe. Nitajuaje spana ya 19 na ya 3/4 kama zote hazina namba? Nimepima mpaka nimechoka.
– Mwanafunzi

Huwezi kuzitofautisha kwa kupima mdomo huo, mwanangu, acha kujisumbua. 3/4 ni milimita 19.05. Kalipa yako na uchakavu wa spana vinapoteza zaidi ya hiyo 0.05, na kazini zinaingiliana bila madhara. Mtazame mwenzake wa upande wa pili. Upande wa pili ukiwa 17 au 22 kamili, ni spana ya milimita. Ukiwa 15.9 au 17.5, ni ya inchi, yaani 5/8 au 11/16. Viwanda vilipanga midomo miwili kwa mpango, na mpango huo hauchakai. Zana za milimita za Tazara, reli iliyojengwa na Wachina kati ya 1970 na 1975, bado zinazunguka Dar kwa wingi, basi 17 kwa 19 isiyo na jina inaweza kabisa kuwa na asili hiyo.

Lakini 5/8 na 16 usizichanganye. 5/8 ni ndogo kuliko kichwa cha 16, nawe utaigonga kwa nyundo iingie, na hapo utakuwa umeharibu viwili.

*

Assalamu alaykum mzee mwenzangu. Nina spana ya rangi ya dhahabu, haishikwi na sumaku. Marehemu kaka yangu alifanya kazi kwenye matangi ya mafuta Kurasini. Mnunuzi wa skrepa anataka kuipima kama shaba. Nimpe?
– Mzee wa Keko

Waalaykum salaam, ndugu yangu. Usimpe. Shaba tupu ni laini, hakuna mtu angeitengenezea spana ya kazi. Hiyo ni spana isiyotoa cheche, ya shaba iliyochanganywa na alumini au na berili, iliyotengenezwa kwa watu wanaofungua nati mahali penye mvuke wa petroli. Kazi ya kaka yako inakubaliana nayo kabisa. Kwa kuwa berili inaweza kuwemo, isisagwe, isipigwe msasa, isipigwe tupa, maana vumbi lake huharibu mapafu. Kuishika kwa mkono hakuna hatari. Ifute kwa kitambaa chenye mafuta, uwaambie watoto wa nyumbani wasiipeleke kwenye grainda, na uangalie karibu na mdomo kama kuna herufi mbili, BE au AL, kisha unijulishe umeona ipi.